X-Trail au Prado: maji ya kina gani gari linaweza kupita bila kuharibika?

NyarKatito:
Hamjambo wote. Naishi Kisumu mjini, lakini kila wiki lazima nishuke Nyakach ya chini kumpelekea mama dawa zake za presha na sindano. Njia ya kwenda kwake inakatwa na kijito ambacho kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Mvua ikipiga Nyabondo huko juu, kinajaa ghafla. Hakuna daraja.

Nina X-Trail ya 2012, ya petroli, 4WD. Shemeji ananisukuma niiuze nichukue Prado, eti hiyo haichagui njia. Kabla sijaenda sacco kuomba mkopo, niambieni: X-Trail mwisho wake ni wapi? Na Prado?

Kondele4x4:
Sister, chukua Prado, piga snokeli (bomba la kuvutia hewa juu ya paa), sahau stori. Mimi nimepita Ahero maji yakigonga boneti.

FundiKibos:
Kondele, gari lako nitaliona tu. Shida ya maji huja baada ya wiki mbili, difu (boksi la gia linalozungusha magurudumu) ikianza kulia.

Dada NyarKatito, usianze na jina la gari. Anza na mahali linapovutia hewa. Fungua boneti, shika boksi la eya klina (chujio la hewa), fuata bomba lake hadi mdomoni. Kwa X-Trail kama yako utaukuta mbele, juu ya rejeta. Ukiutazama gari likiwa limesimama utasema uko juu sana. Lakini ukiingia kwa kasi, maji yanapanda mbele ya bampa na kuufikia, hata kama kijito chenyewe kinafika kwenye rimu tu. Pistoni inaweza kubana hewa, maji haiwezi. Kinachokubali kupinda ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Dizeli ni mbaya zaidi, kwa sababu inabana kwa nguvu kuliko petroli.

Ikizima ndani ya maji, USIPIGE STATA. Ivutwe nje, plagi zitolewe, injini izungushwe hadi iteme maji yote. Nyingi ninazoletewa zingepona kama mwenyewe asingejaribu mara ya pili.

Sasa namba za kina cha maji. Prado 150, kiwanda kinasema sentimita 70. Hilux ni 70 pia. Ford Ranger 80. Land Rover Defender mpya yenye sasipensheni ya hewa ni 90. Na ile Defender ya zamani ambayo kila mzee hapa anaiapia? 50 tu! Tena kabla ya kuvuka ulitakiwa kufunga kizibo chini ya nyumba ya klachi, halafu ukitoka ukifungue. Gari lilikuwa gumu kweli, ila waliolitengeneza walikuwa waoga kuliko wanaolisifu.

X-Trail haikuundwa kwa kazi hiyo. Kwa gari la aina hiyo mimi husema maji yasipite katikati ya gurudumu, yaani sentimita 33 hivi, chini ya goti la mtu mzima. Hapo ni maji yaliyotulia, chini pawe pagumu. Udongo mweusi wa Kano ukishalowa hauna namba.

Kuhusu snokeli: inainua pua, basi. Alteneta inabaki palepale, kompyuta ya gari inabaki palepale, na vipumulio vya difu pia. Hivyo vipumulio ndivyo watu huvisahau. Umetoka mjini, difu imepata moto, unaitumbukiza kwenye maji baridi. Hewa ya ndani inasinyaa, na kama kipumulio kimeziba matope, difu inavuta maji kupitia oili sili (mpira unaozuia oili kuvuja). Ukija kufungua unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Ndiyo maana nikasema wiki mbili, Kondele.

Kama ni lazima upite: zima AC, maana AC ndiyo inayoamsha feni, na mapanga ya feni yakichota maji yanaweza kupinda na kuchana rejeta. Bonyeza LOCK, swichi ya 4WD. Ingia polepole, mwendo wa mtu anayetembea, usisimame, usiachie mafuta katikati. Ukitoka, kanyaga breki kidogokidogo hadi zikauke.

Mwalimu_Budalangi:
Fundi amesema vizuri kuhusu maji yaliyosimama. Kijito cha Nyakach hakijasimama. Mimi nafundisha fizikia, na huku kwetu mto Nzoia hutufanyia mtihani kila mwaka, kwa hiyo nivumilieni.

Sakafu ya X-Trail iko kama sentimita 30 kutoka chini. Chukua sehemu yake ya chini iwe mita 4 kwa 1.7. Kila sentimita 10 za maji juu ya sakafu zinaliinua gari kwa kilo 680, maadamu ndani bado pakavu. Gari lenyewe lina kilo 1,500 hivi. Yaani maji yakifika sentimita 50, matairi yanagusa mchanga kwa kilo 140 tu, na mkondo unasukuma ubavuni. Mipira ya milango ikiwa mizuri ndiyo linaelea mapema! Prado ina zaidi ya tani 2, hivyo itachelewa kidogo, lakini itaelea tu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba sentimita 30 za maji ya kasi hubeba magari mengi, na 60 hubeba hata SUV na pikapu. Linganisha hiyo 60 na zile 70 za kiwanda.

Na tusidhani uzito unatosha. Pale mto Enziu, Mwingi, Desemba 2021, maji yalibeba basi zima. Wakafa watu zaidi ya 30.

JaKano:
Niongeze moja, mimi ni wa hapo chini. Dada, hata ukipita Jumamosi bila shida, Jumapili hiyo njia si ile. Umeona korongo la Katuk Odeyo? Udongo wetu unakatika. Maji ya kahawia hayakuonyeshi kama chini kumechimbika. Na usitazame mawingu ya kwetu, piga simu Nyabondo uulize kama kumenyesha. Mto Nyando nao ni hivyohivyo, unafurika Ahero jua likiwaka, kwa sababu mvua ilinyesha Nandi.

NyarKatito:
Asanteni sana. Kwa hiyo Prado nisinunue? Na nikifika nikute kimejaa, nifanye nini? Dawa haziwezi kungoja.

FundiKibos:
Prado nunua kama unaitaka kwa sababu ya matope na mashimo. Huko itakusaidia kweli. Kwa kijito kilichojaa, hizo pesa hazibadilishi kitu. Mwachie mama dawa za mwezi mzima badala ya za wiki. Ukikuta maji yanakimbia, hata kama hayajafika goti, zima gari, nunua mahindi ya kuchoma, ngoja. Maji ya mlimani hushuka, ingawa si haraka kama yalivyopanda.

Ukiamua kununua, usitazame rangi. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama una mstari wa matope. Wauzaji huosha zulia wakasahau mkanda. Halafu fungua nati ya difu, uchovye kidole.

NyarKatito:
Mama ana friji ya jirani, sindano pia zitakaa mwezi. Fundi, uko Kibos upande gani? Naileta hii X-Trail uangalie difu. Mwezi wa nne nilipita nayo pale.

FundiKibos:
Barabara ya Mamboleo, ukipita reli uliza fundi wa Land Rover. Njoo asubuhi, ikiwa haijapata moto.