Killaloe na Ballina, Ayalandi: tulale au tupite tu?

MwalimuWaWete

Assalaam alaykum wanabaraza.

Mie mwalimu mstaafu wa historia, nipo Wete. Kijana wangu anasoma Limerick, Ayalandi, na ametualika mie na mama yake mwezi wa Juni. Orodha yake anayo tayari: Dublin, majabali ya Moher, uwanja wa mpira sijui wa wapi. Sina neno nayo. Lakini katika kupekua ramani nimeviona vijiji viwili vimetazamana, pale ziwa Lough Derg linapomalizikia na maji yakawa mto Shannon tena. Kimoja Killaloe, chengine Ballina, na baina yao daraja la mawe. Nikasoma kwamba Brian Boru, yule mfalme aliyepigana na Waviking, wale mabaharia wavamizi kutoka kaskazini ya Ulaya, kwao ndiko hapo. Basi usingizi ukaniruka.

Kijana anasema, "Baba, kule nusu saa tu, tunapita, tunapiga picha, tunaondoka." Mie sitaki kupita. Nilipokuwa nikiwapeleka wanafunzi kwenye magofu yetu ya Pemba, Pujini na Ras Mkumbuu, wale wa kupita walirudi wanasimulia majani na siafu.

Nnaomba msaada kwa aliyefika. Tulale upande gani? Kuna nini cha kuona kwa mtu anayependa mawe na maandishi yake? Goti langu la kushoto halielewani na vilima, na mama watoto historia haimshughulishi, yeye apate pa kukaa na chai ya moto. Na chakula je, kwa Muislamu?

---

DogoWaMichenzani

Mzee, euro zote hizo ukaangalie magofu? Magofu si tumejaaliwa hapa hapa, tena bure! Msikilize kijana, nenda uwanjani.

---

BintiMkoani

Mwalimu, shikamoo. Huyo dogo muache.

Mie mtu wa Mkoani, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Limerick, na siku zangu za mapumziko nyingi huishia huko unakokuuliza, maana basi linafika na mfuko hauumii. Nitakwambia ninavyopajua mie.

Laleni. Laleni Ballina, historia mkaifuate Killaloe. Upande wa Ballina mikahawa imepangana inatazama maji, na mama watoto atapata kiti na chai yake aangalie boti mpaka achoke. Killaloe ina mlima: barabara kuu inatoka mtoni inapanda moja kwa moja, na goti lako litakulalamikia. Ila sehemu kubwa ya unachokitaka ipo chini, karibu na daraja, kwahivyo usiingie hofu.

Ukivuka daraja umetoka mkoa mmoja umeingia mwengine. Ballina ni Tipperary, Killaloe ni Clare. Usiufanyie mzaha mpaka huo. Wana mchezo wao unaitwa hurling, magongo na kijimpira kigumu, na mikoa hii miwili haipikiki chungu kimoja. Clare walichukua ubingwa wa Ayalandi 2024, Tipperary wakauchukua 2025, na mie miaka yote miwili nilikuwa zamu na wazee wa pande zote mbili wamo ukumbini. Chai niliigawa kwa tahadhari.

Daraja lenyewe lina matao 13. Zamani magari yote yalipita humo humo kwa zamu, na wewe wa miguu ujibane pembeni. Mwaka 2025 limefunguliwa daraja jipya kusini ya hapo, limepewa jina la Brian Boru, na la zamani sasa lina nafasi ya mtu kusimama akapumua. Basi simama. Lipo jiwe la kumbukumbu ya watu wanne waliopigwa risasi hapo darajani na askari wa Kiingereza usiku wa tarehe 16 Novemba 1920, katika vita vya uhuru. Watatu walikuwa wapiganaji. Wa nne alikuwa mwangalizi wa nyumba walimojificha. Bibi mmoja ninayemhudumia, mzaliwa wa pande hizo, ukimtajia daraja hakwambii habari ya matao wala mfalme, anaanza na hao wanne.

Upande wa Killaloe, hatua chache tu kutoka darajani, kuna kanisa kuu la Mtakatifu Flannan, la Waanglikana. Ujenzi wake ni wa mwisho wa karne ya 12 na kuingia ya 13. Ndani, ukutani, kuna mlango wa mawe uliochongwa nakshi juu ya nakshi, mkongwe kuliko kanisa, na umezibwa, hauendi popote. Wageni wengi wanaupiga picha huo wakatoka. Wewe usitoke. Kuna kipande cha msalaba wa jiwe, wanakiita jiwe la Thorgrim, cha kama mwaka 1000. Kina maandishi ya namna mbili. Moja ni runi za Waviking, zinasema Thorgrim ndiye aliyeuchonga msalaba huu. La pili ni ogham, maandishi ya kale ya Waayalandi, vijistari vimekatwa kwenye ukingo wa jiwe, nayo yanamuombea baraka huyo huyo Thorgrim. Ukisimama mbele yake huoni kitu. Nenda ubavuni, inama kidogo uone mwanga unavyolilalia jiwe, hapo mikwaruzo inaanza kusimama herufi moja moja. Wewe umeshayaona maandishi ya Kufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ya mwaka 1107. Jiwe hili limeyatangulia kwa karne moja hivi.

Mie hapo ndipo ninapokaa. Vitabuni utasoma Brian na Waviking, Waviking na Brian, kama kwamba kila asubuhi walikuwa wanaamkia mapanga. Kumbe hapa hapa kwenye mji wake, enzi zile zile, mtu mwenye jina la Kiviking anachonga msalaba na anaombewa dua kwa maandishi ya wenyeji.

Brian mwenyewe alizaliwa maeneo haya kama mwaka 941, akawa mfalme mkuu wa Ayalandi 1002, akakaa ngome yake ya Kincora hapa Killaloe, akauawa vitani Clontarf, karibu na Dublin, Ijumaa Kuu ya mwaka 1014, mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Kincora usiitafute, haipo. Wanaamini ilikuwa juu kilimani, lilipo kanisa la Wakatoliki leo. Kilichobaki cha kuona ni Béal Ború, kaskazini ya mji, karibu na ziwa: tuta la udongo la mviringo, miti imeota juu yake. Asiyejua ataona kichaka. Wewe uliyetembeza watoto kwenye ngome ya Mkama Ndume pale Pujini utaona kuta. Mwambie kijana akupeleke kwa gari, usitembee.

Kule juu kilimani nako upande, japo mara moja, polepole. Kwenye uwanja wa kanisa la Wakatoliki kuna kijikanisa cha mawe cha Mtakatifu Lua. Hakikujengwa hapo. Kilikuwa kisiwani, Friars Island, chini kidogo ya daraja. Miaka ya 1920 serikali changa ya Ayalandi ikataka umeme wa mto Shannon. Kampuni ya Siemens ya Ujerumani ikajenga kituo cha umeme cha Ardnacrusha, 1925 mpaka 1929, maji yakapandishwa nyuma ya kizuizi cha mto cha Parteen, na kisiwa kikawa cha kuzama. Kabla hakijazama, kanisa likabomolewa jiwe kwa jiwe, likapandishwa kilimani, likajengwa upya. Nchi haina hata miaka kumi, ina njaa ya umeme, na bado ikapata muda wa kushughulikia chumba cha mawe ambacho watu wanne wakiingia kimejaa. (Pemba kebo ya umeme ya chini ya bahari kutoka Tanga tumeipata 2010, kwahivyo njaa ya umeme naijua vizuri.)

Chakula. Mkilala kwenye nyumba za wageni, waambie usiku ule ule kwamba hamli nguruwe, usingoje asubuhi. Kifunguakinywa chao ni soseji za nguruwe, bekoni, na kitu cheusi cha mviringo kimekatwa slesi: hicho kina damu, usikiguse. Omba mayai, uyoga, nyanya na mkate. Supu ya samaki ya maziwa, chowder, ni nzuri sana, lakini baadhi ya wapishi hutia bekoni ndani, kwahivyo uliza. Mikahawa mingi ni baa pia. Watu wanakula na watoto wao na wajukuu, hakuna atakayekushangaa ukiagiza samaki na chai. Nyama ya halali inunueni Limerick, maduka yapo na msikiti upo.

Jumapili asubuhi kuna soko la wakulima Killaloe, kwenye kipande cha ardhi baina ya mto na mfereji. Jibini, mikate, mboga zina udongo wake. Mama watoto mpeleke huko.

---

MtembezaWageni

Mie kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, na Waayalandi nawapata wengi. Nina mawili tu.

La kwanza, Ballina zipo mbili, na hili limewavuruga hata wageni wangu wenyewe. Ile kubwa ipo mkoa wa Mayo, kaskazini-magharibi, na ndiyo yenye stesheni ya treni. Ukiandika "Ballina" kwenye mtandao wa tiketi utapelekwa huko. Yenu andikeni Killaloe. Kutoka Limerick kuna basi namba 323. Treni ya jirani inasimama Birdhill, lakini kwa siku ni chache mno, msiitegemee.

La pili, viza. Ayalandi haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na viza ya Uingereza kwa pasi yetu haikuingizi Ayalandi. Na msikate tiketi ya kupitia London kwa sababu ya unafuu wa bei, mtajikuta mnaulizwa viza ya kupita. Doha au Dubai, kisha Dublin moja kwa moja.

---

MwalimuWaWete

BintiMkoani, marahaba, Mungu akuzidishie. Nimemsomea mama watoto yote, kwenye habari ya soko akaniambia rudia.

Dogo, uwanjani nitakwenda pia, kijana ameshanunua tiketi.

Nina mawili yamebaki, binti yangu. Juni jua linazama saa ngapi huko, na ibada mnaipangaje? Na kuna kisiwa ziwani, Inis Cealtra, nimeona picha ya mnara. Boti zinatoka hapo hapo Killaloe?

---

BintiMkoani

Mwalimu, jikaze kidogo: mwishoni mwa Juni Magharibi ya huku ni karibu na saa nne usiku, kwa hesabu yetu ya saa za Kiswahili. Jua linatoka tena saa kumi na moja na kitu. Giza lenyewe halikamiliki, upeo wa kaskazini unabaki na weupe usiku kucha, kwahivyo Isha na Alfajiri huwezi kuzipanga kwa macho. Sisi tunafuata ratiba ya msikiti wa Limerick, kijana anayo. Ukiwa msafiri unajua ruhusa zako kuliko mimi. Na kibla si kaskazini kama kwetu, huku ni mashariki na kusini kidogo. Mama yangu alipokuja alitandika mswala kwa mazoea akaelekea Iceland.

Inis Cealtra, hapana. Boti za Killaloe na Ballina zinakuzungusha ziwani kama saa moja na kukurudisha. Ni nzuri kwa mama watoto, zimefunikwa, mvua haimpati. Za kisiwani zinatoka Mountshannon, upande wa Clare, nusu saa hivi kwa gari. Ni boti ndogo, na upepo ukivuma hawatoki. Huko kuna mnara wa mawe usio na paa, makanisa yaliyobomoka na makaburi, na ardhi ni tambarare, goti litashukuru ila kwenye kuingia na kutoka botini, hapo kijana akushike mkono. Angalieni juu pia: tai wenye mkia mweupe walikuwa wametoweka Ayalandi, wakaletwa makinda kutoka Norway, na 2013 ndiyo mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka mia makinda yaliyozaliwa nchini kuruka, hapo hapo Mountshannon.

Basi mkodi gari kwa siku hiyo moja. Asubuhi Mountshannon kabla upepo haujaamka, mkirudi mpitie Béal Ború, ipo njiani. Siku ya kanisa na jiwe la Thorgrim iwe nyengine, usizichanganye. Na koti la mvua kila mtu lake, hata simu ikikwambia jua.