Tupeane uzoefu: gemu jipya kabisa au jina tulilolizoea? Sony, Microsoft na Nintendo waweke nguvu wapi?

MLETA UZI (Sinza)

Wakuu, habari za jioni.

Kazini kwetu ubishi huu umeshika moto na naona kila mtu anatetea magemu aliyokulia. Nimeona niulete hapa tusimuliane. Gemu gani lilikufanya ununue mashine ya gemu, au uitamani? Lilikuwa jina jipya au jina kongwe? Nawalenga zaidi hawa watatu wanaotengeneza mashine zenyewe, kwa sababu wana mzigo ambao kampuni nyingine hazina. Mwingine akitengeneza gemu anataka liuzwe tu. Hawa wanataka gemu liuzwe na liiuze na mashine.

Naanza mimi. PS4 yangu, PlayStation ya Sony, niliinunua kwa mtu ikiwa imetumika, na nilichokuwa nakitaka ni Horizon Zero Dawn, basi. Kabla yake hakuna aliyekuwa na sababu ya kulipenda jina hilo. Gemu lilitoka 2017: msichana na upinde wake, anawinda wanyama wa chuma kwenye dunia ambayo majani yameshafunika miji yetu. Studio iliyolitengeneza, Guerrilla ya Amsterdam, ilikuwa imekaa miaka mingi na Killzone, gemu la bunduki lililoanza 2004. Killzone halikuwa baya hata kidogo, ila watu wa bunduki walikuwa na magemu yao tayari. Sony ingeweza kuwashikilia hapohapo mpaka Killzone la kumi. Ikawaachia, na Horizon likauza nakala zaidi ya milioni 20.

Sucker Punch, studio nyingine ya Sony, ni hivyohivyo. Waliweka mfululizo wao wa Infamous pembeni wakaja na Ghost of Tsushima mwaka 2020, Mjapani mmoja anakitetea kisiwa chake dhidi ya Wamongolia waliovamia mwaka 1274. Wakurugenzi wawili wa gemu hilo walikuja kufanywa mabalozi wa utalii wa kisiwa cha Tsushima chenyewe. Mwaka 2025 likafuata Ghost of Yōtei, na leo tayari watu wanalihesabu kuwa jina la kuaminika. Miaka mitano tu.

Msimamo wangu ni kwamba ruhusa ya kuanza kitu kipya wapewe wale waliokomaa kwenye mfululizo mmoja. Fundi aliyeshona mashati miaka kumi, ukimkabidhi kitambaa cha kanzu hashiki mkasi kwa kutetemeka. Mashine inayoishi kwa majina ya zamani peke yake inauzwa kwa wale waliokuwa nayo jana, na hao siku hizi wana watoto na ada za shule.

Hofu ya wakubwa naielewa. Mwaka 2023, kwenye kesi ya Microsoft kule Marekani, nyaraka za Sony zilifutwa kwa kalamu ya wino mweusi lakini maandishi yakasomeka: The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Mwenye kushika fedha za namna hiyo lazima akimbilie jina linalojulikana. Ila Forbidden West lilitoka wapi kama si kwa mtu aliyekubali kuhatarisha fedha kwa Zero Dawn?

Karibuni. Ukisimulia, sema ulichezea wapi: nyumbani, bandani, kwa jirani. Nahisi jibu linategemea hapo.

MWENYE BANDA (Mbagala)

Mkuu, kwa kuwa umeuliza mahali, mimi nina banda la gemu huku Mbagala na nitasema ninachokiona kila siku.

Kwangu jina jipya halipati nafasi, na wateja wangu si watu wa kuogopa vitu vipya. Ni utaratibu wa banda. Mechi analipa anayefungwa. Mshindi anabaki na padi, aliyefungwa anatoa hela na kumpisha mwingine. Kwa hiyo gemu la bandani linatakiwa liishe ndani ya dakika kumi, lichezwe na wawili, na yule anayesubiri kwenye benchi awe analijua kiasi cha kuwakosoa wanaocheza. Gemu geni linamlazimisha mteja alipie kujifunza. Akipigwa mara mbili na mtu aliyewahi kulishika, ananyanyuka, na hela iliyobaki mfukoni anakula chipsi. Ndiyo maana utakuta mpira, magemu ya kupigana kama Tekken na Mortal Kombat, halafu tena mpira.

Na huo mpira umenifundisha jambo. FIFA na EA, kampuni iliyokuwa inatengeneza gemu la mpira lenye jina la FIFA, walipoachana, mwaka 2023 likatoka EA Sports FC 24. Jina tulilolizoea tangu utotoni likafutika kwenye boksi na bandani kwangu hakuna aliyetikisika, maana wachezaji ni walewale, timu zilezile, vitufe vilevile. Konami ndio walioniumiza. Mwaka 2021 waliligeuza PES, gemu lao la mpira, kuwa eFootball, wakalitoa bure, lakini walibadilisha mpaka mchezo wenyewe, na lilianza likiwa na kasoro nyingi. Nilikuwa na wateja watu wazima, wana mitindo yao ya pasi waliyoijenga miaka na miaka. Baadhi waliniomba niwawekee toleo la zamani, wengine wakahamia upande wa pili. Jina lilikufa pamoja na mkono.

Kwa hiyo mimi swali langu ni dogo. Mkono wa mteja unakumbuka? Kama unakumbuka, andika jina unalotaka, hela ya LUKU itapatikana.

MUUZA CD (Kariakoo)

Naongeza upande wa biashara, kwa sababu kazi yangu ni kuuza na kubadilisha CD za PS4 na PS5. Mteja analeta yake, anaongezea kidogo, anaondoka na nyingine.

Msifikiri jina kongwe siku zote ni salama. CD ya mpira ya mwaka jana, likishatoka la mwaka huu, inabaki kupamba meza. God of War inatoka siku hiyohiyo inayoingia. GTA V, gemu la 2013, mpaka leo watu wanaliulizia. Ghost of Tsushima lilipokuwa jipya nilikuwa nasita kulipokea kwa sababu wateja walitazama boksi na kulirudisha mezani. Sasa shida yangu imegeuka: walionalo hawalileti.

Kinachowafanya wengi wang'ang'anie jina wanalolijua ni bei. Gemu jipya la kampuni kubwa huko nje ni dola 70, likifika hapa unaongelea karibu laki mbili. Nani atoe laki mbili kwa kitu ambacho hajui kama atakipenda? Kijana wa bodaboda aliyejinyima mpaka akapata mashine hawezi kubahatisha. Lakini kwa kubadilishana anajaribu. Nimeshaona wengi wamelipenda gemu la ajabu ambalo wasingelinunua hata siku moja, kwa sababu tu waliongezea elfu kumi juu ya CD waliyoichoka.

Ndiyo maana mashine zisizo na sehemu ya CD zinanitia wasiwasi, na si kwa ajili ya meza yangu peke yake. PS5 Pro ya 2024 ilikuja hivyo, kisomeo cha CD unanunua pembeni. Wakitaka tupokee majina mapya, watuachie njia ya kuyaonja.

MDAU (Ubungo)

GTA San Andreas, PS2, kwa jirani, tumejazana sebuleni. Nikipata hela ni GTA la sita, mengine sijui.

MLETA UZI

Karibu mkuu. GTA ni la Rockstar na linatoka kwenye PlayStation na Xbox zote, kwa hiyo haliwasaidii Sony wala Microsoft kumvuta mtu kwenye mashine yao peke yake. Lakini nimekupata, sebule ya jirani imetulea wengi.

MAMA WA TABATA

Wanangu, naona mmezungumza kana kwamba gemu ni la vijana wa kiume tu. Mimi nina watoto watatu, na shemeji yangu alituletea Switch, mashine ya Nintendo, kutoka Dubai.

Nilipomwona Mario kwenye kioo nilikaa chini. Nilimjua nikiwa mdogo, zile mashine za kaseti zilizochomekwa kwenye TV, kaseti moja imeandikwa ina magemu mia kadhaa na ukifungua ni yaleyale yanajirudia. Super Mario Bros. ilitoka 1985 na mwanangu wa mwisho anacheza Mario Kart 8 leo. Hakuna aliyenifundisha. Nilishika padi nikajua kwamba yule ni wa kuruka, uyoga ni mzuri, gamba la kobe ni balaa. Jumapili baada ya chakula tunacheza wanne, anayeshika mkia anaosha vyombo. Mume wangu hakuwahi kushika gemu maishani na sasa anadai marudio.

Mnaposema waache majina ya zamani, mfikirie na sisi. Jina kongwe ndilo lililonipa mlango wa kuingia kwenye mchezo wa wanangu. Wangeniletea kitu kigeni ningewatazama kutoka jikoni kama mama yangu alivyotutazama sisi.

MLETA UZI

Mama, shikamoo. Hili la kushika padi na kujua lenyewe, kwa kweli sikuwa nimelipima, na linafanana na mkono wa mwenye banda.

Naomba niongeze kitu kuhusu Mario Kart hiyohiyo. Mario Kart 8 ilitoka kwanza mwaka 2014 kwenye Wii U, mashine iliyotangulia Switch. Wii U ilikuwa na Mario tangu siku ya kwanza dukani, na bado iliuza takriban milioni 13.5 tu, wakati Wii iliyoitangulia ilivuka milioni 100 ikisukumwa na Wii Sports, gemu ambalo halikuwa na historia yoyote. Gemu lilelile la magari likahamishiwa Switch mwaka 2017 na limeuza nakala zaidi ya milioni 60. Mario hakuiokoa Wii U. Jina kongwe linamkalisha mtu akishafika, ila lazima awepo wa kumleta.

Na kwenye Wii U hiyohiyo iliyodorora ndipo Nintendo walipozalia Splatoon, mwaka 2015. Lilianza kwa majaribio ya vipande vyeupe na vyeusi vinavyorushiana wino, likaishia kuwa la watoto wanaogeuka ngisi. Splatoon 3 mwaka 2022 liliuza nakala milioni 3.45 Japani peke yake ndani ya siku tatu. Leo hao ngisi ni sehemu ya ukoo wa Nintendo.

Niwe mkweli na upande unaoumiza. Sony walitoa Concord tarehe 23 Agosti 2024, jina jipya, la mtandaoni, dola 40. Tarehe 6 Septemba wakalizima na kurudisha fedha za watu, na kabla mwezi Oktoba haujaisha wakatangaza kuifunga studio. Lilikuwa gemu la kwanza la studio hiyo, likaingia kwenye soko ambalo wachezaji wake wana makao tayari, na mengi ya magemu wanayocheza ni ya bure. Wale watu walipoteza kazi, na mimi hilo silichukulii kama hoja ya kushinda ubishi. Ila naona limewatia wakubwa woga ambao utawaponza hata wenye mawazo mazuri.

DADA WA MANZESE

Nimesoma yote. Kaka wa Mbagala nakuheshimu, lakini kwenye banda nipingane nawe kidogo, maana mimi na kaka yangu tuna banda Manzese.

Asubuhi banda ni tupu. Wanafunzi hatuwaruhusu saa za masomo, na wenye mechi zao wanaanza kuja jioni. Nilikuwa nacheza God of War ya 2018 peke yangu nikisubiri wateja. Akaingia muuza kahawa, akakaa. Akaniuliza yule mzee na mtoto wanakwenda wapi. Nikamwambia wanapeleka majivu ya mama yake mtoto kwenye kilele cha juu kuliko vyote. Hakuondoka. Kesho yake akaja na wenzake.

Nikaanza kutafsiri kama wanavyotafsiri filamu. Nacheza, na mazungumzo nayasema kwa Kiswahili, sauti ya baba nzito, ya mtoto nyembamba. Kuna siku benchi zote zimejaa watu wazima, hakuna anayetaka padi.

Ninachotaka mleta uzi akione ni hiki. Hao hawakumjua Kratos, yule baba, wa 2005, wa minyororo na hasira. Wamemkuta ana shoka, ana mtoto, yuko kwenye nchi ya barafu, na kamera imekaa begani kwake unamwona hata anavyositasita kumshika mtoto bega. Jina ni kongwe, ndani ni kitu kingine kabisa. Kaka yangu aliyecheza yale ya zamani alilia pale minyororo ilipotolewa sakafuni. Wazee wa kahawa hawakulia hapo, wao walilia kwingine. Gemu moja limewatosha wote. Mimi ningekuwa Sony ningetoa fedha zangu kwenye kazi za namna hiyo kabla ya kufikiria jipya au la zamani.

Tulipomaliza wakadai lingine. Tukaweka Tsushima, jina ambalo hawajawahi kulisikia, na hakuna aliyenyanyuka. Mzee mmoja aliniuliza maswali ya Wamongolia mpaka nikaenda kusoma.

MWENYE BANDA (Mbagala)

Dada, hili sijawahi kuliwaza. Unatoza vipi sasa, kama hakuna anayefungwa?

DADA WA MANZESE

Kiti, kaka. Natoza kiti kama kwenye filamu, kwa asubuhi nzima, na bei ni ndogo kuliko mechi mbili za mpira. Nasimama kila sura inapoisha ili mwenye haraka aondoke bila kukosa. Chagua gemu lenye mazungumzo mengi na mapigano mafupi, mapigano marefu watu wanaanza kuangalia simu. Na lipitie mwenyewe usiku kabla, ili ukifika mbele yao ujue nani anamwambia nani nini.

Kaka yangu amepata PS5, wiki ijayo tunaanza Yōtei.

MUUZA CD (Kariakoo)

Yōtei ninayo moja, dada. Leta Tsushima uongezee.

DADA WA MANZESE

Tsushima siitoi, wazee wanataka kuirudia. Niambie bei nzima.