Tupeane uzoefu: Mbwa mwoga anajengewaje ujasiri?

Mleta uzi
Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni wa mbwa waoga: anayejificha mgeni akibisha hodi, anayetambaa kwa tumbo radi ikipiga, anayejikojolea ukimwinamia. Wengi wao huambiwa "huyu hafai kulinda" kisha wanatelekezwa, na inauma kwa sababu wanasaidika. Tuweke mbinu zenye vipimo: umbali, muda, kiasi cha chakula, na pale watu wanapokosea.

Bandani
Anzeni na mahali anapolala. Mbwa aliyefungwa mnyororo karibu na geti anapitiwa puani na kila bodaboda na kila muuza maji, naye hana pa kukimbilia. Anayejua ana njia ya kuondoka huogopa kidogo kuliko aliyebanwa. Banda liegemee ukuta, lizibwe nyuma na pembeni, mlango utazame upande usiopitwa na watu. Litoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha.

Akishaingia humo asivutwe na mtu, wala watoto wasimchungulie. Mbwa aliyeletwa leo apewe siku kadhaa za utulivu kabla ya mafunzo yoyote: mtu yule yule anamlisha, saa zile zile, anaweka bakuli na kuondoka.

Na hii desturi ya kumfungia mchana kutwa na kumfungulia usiku tu ndiyo inayowatengeneza wengi wao. Umri wa kuzoea dunia ni kama wiki ya 3 hadi ya 14. Mtoto wa mbwa asiyeona watu, watoto, pikipiki na ndoo wakati huo, ukubwani kila kitu kwake ni kitisho.

MamaTomi
Nakazia hapo kwa Bandani, kisha niongeze la chakula, maana ugali wake wa kila siku hautoshi kwa kazi hii. Tumia maini, mapupu au dagaa. Chemsha bila chumvi na bila kitunguu. Kitunguu kinaharibu seli nyekundu za damu ya mbwa. Kata vipande vidogo kama punje ya harage. Vipande 15 vinatosha kwa kikao kimoja cha dakika 3 hadi 5, asubuhi na jioni, na mlo wake wa kawaida upunguzwe kwa kiasi hicho.

Sasa namna ya kumkaribia: usimkaribie. Kaa chini ukimpa ubavu, macho pembeni, mikono magotini. Tupa kipande NYUMA yake, siyo mbele yako. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanashika nyama mkononi na kumwita; mbwa anarefusha shingo huku miguu ya nyuma imebaki kule kule. Njaa inamvuta, hofu inamzuia, na nyama ikiisha anajikuta karibu mno na mtu. Hapo ndipo anaponyaka kidole. Ukitupa nyuma yake, anapata chakula na nafuu ya kuondoka kwa pamoja, halafu anarudi mwenyewe kuangalia kama kuna kingine. Kurudi huko kwa hiari ndiko unakokitafuta.

Akianza kukunusa, mkune kifuani kwa sekunde 3 kisha acha. Akisogea, endelea. Akigeuza kichwa, amekujibu. Usimpitishie mkono juu ya kichwa.

DaktariMifugo
Kabla ya yote hayo, mbwa apimwe. Aliyekuwa mzima kisha akawa mwoga ghafla mara nyingi ana maumivu: sikio lenye usaha, jino bovu, nyonga, au homa inayoletwa na kupe. Hofu ya maumivu haitibiki kwa maini. Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa udenda, anayeyumba au kung'ata hovyo, msimguse. Huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa mwoga ni mng'ataji rahisi, kwa hiyo chanjo kuanzia miezi 3, na marudio yake, si jambo la kuahirisha.

Jifunzeni pia dalili za mapema: kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, masikio kulala nyuma, weupe wa jicho kuonekana, mguu mmoja wa mbele kuinuka. Kunguruma ni onyo linalofuata. Ukimpiga kwa kunguruma, hofu haiondoki. Onyo ndilo linaloondoka, na siku nyingine anang'ata bila kunguruma.

Mleta uzi
Asante daktari. Vipi wanaosema umfunge sokoni au stendi mpaka azoee?

Mlezi
Hazoei, anakata tamaa. Atasimama kimya kama gogo, mwenye mbwa aseme ametulia. Mpe kipande cha ini umjue: akikikataa au akikitema, bado yuko kwenye hofu. Rudi nyuma mpaka mahali anapoiona bodaboda lakini bado anakula. Kama ni mita 40, anza hapo. Ukipata siku tatu mfululizo anaiona kisha anakutazama wewe akidai chake, sogea mita 2 au 3. Akigoma kula, rudi.

Mpangilio ni huu: bodaboda kwanza, chakula baadaye, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukitangulia kutoa chakula, atajifunza kwamba maini huleta bodaboda, na mwisho atayaogopa maini.

Radi na fataki mrekodie kwenye simu. Anza na sauti ndogo kiasi kwamba sikio lake linacheza tu, kipande, kimya, kipande. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya masika, siyo mvua ikishaanza. Usiku wa radi yenyewe mwache ndani, funga madirisha, washa redio, na akija kukuegemea mkubali. Kumliwaza hakuongezi woga.

Akipata mshtuko mkubwa, asipelekwe popote siku mbili tatu. Mtawanyie dagaa kwenye majani anuse na kutafuta. Kunusa kunamtuliza.

Bandani
Kwenye matembezi, kola peke yake ni hatari. Mbwa mwoga anarudi kinyumenyume na kuchomoka kichwa. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba ya pili nyuma ya mbavu, upitishe vidole viwili tu kati ya mkanda na ngozi. Kamba ya kumshikia iwe ya mita 5, ilegee muda wote.