Naomba ushauri: hesabu ya joto la magma, maji niyaweke au niyaache?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada hasa mliosoma jiolojia. Nafanya projekti ya joto linavyosambaa kutoka kwenye magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) inayopoa kwenda kwenye miamba ya pembeni, nimechagua volkano ya Menengai kule Nakuru, Kenya, maana wakichimba visima vya mvuke pale walikutana na magma yenyewe kwenye kina cha kama kilomita 2. Sasa nikipiga hesabu ya joto kupita kwenye mwamba tu, muda unapanda kwa skwea ya umbali, yaani mita 1 kama siku 12, mita 10 miaka 3 na kitu, kilomita 1 zaidi ya miaka 30,000, mwamba ni mvivu ajabu! Ila pale kuna nyufa kibao, maji yanazunguka humo yanabeba joto kwa haraka zaidi, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake siiamini. Halafu magma ikiganda inatoa joto la ziada, hilo nalihesabu kivyake au nalijumlisha humohumo? Na maji niyaweke tangu mwanzo au nimalize kwanza modeli ya mwamba mkavu? Anayejua programu ya bure inayoweza kuhesabu vyote viwili, joto la kwenye mwamba na la maji, anielekeze tafadhali, kompyuta yangu ni ya kawaida tu.