Wiki kwa uandishi wa pamoja: wanafunzi 48, kompyuta 12, intaneti ya kubahatisha

MwalimuKisw
Wadau, habari za kazi. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, wanafunzi 48. Chumba cha kompyuta kina mashine 12 za Windows zilizounganishwa kwa swichi ya mtandao, intaneti ni ya kubahatisha. Nataka kila kikundi kiandike juu ya kipera kimoja cha fasihi simulizi ya eneo letu (methali, vitendawili, ngano, nyimbo za kazi na kadhalika), kurasa zote zikae kwenye wiki moja (yaani tovuti ambayo wasomaji wake wanaweza kuihariri wenyewe) na zirejeleane. Nina vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 kila wiki. Nitumie programu gani? Nitazuiaje wasifutiane kazi? Na alama nigawe vipi, maana kila kikundi huwa na mtu anayebebwa na wenzake? Au niwapeleke Wikipedia moja kwa moja?

fundi_seva
Mwalimu, kwa mazingira hayo weka DokuWiki, programu ya kuendesha wiki. Haihitaji hifadhidata, kila ukurasa ni faili la maandishi tu. Sakinisha XAMPP (programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva ya wavuti) kwenye mashine moja, weka folda ya DokuWiki ndani ya htdocs, folda ya XAMPP ya kuwekea tovuti, kisha fungua install.php ujaze fomu. Ukiulizwa aina ya wiki, chagua iliyofungwa, ili asiyeingia kwa akaunti asione kitu. Ukimaliza, futa install.php.

Mashine hiyo ipe anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika, mfano 192.168.0.10, na zile 11 ziifungue kwa kivinjari. Zikigoma wakati yenyewe inafungua vizuri, mara nyingi ni Windows Firewall (kinga ya mtandao ya Windows) imezuia Apache, yaani seva iliyo ndani ya XAMPP, iruhusu. Pia hakikisha saa ya mashine ni sahihi kabla ya kila kipindi. Betri ya ubao mama ikifa, tarehe inarudi nyuma na historia ya kurasa inavurugika.

Akaunti ziandikishe moja moja. Kuna njia ya kuingiza orodha nzima kwa mkupuo, lakini hiyo hubuni nywila na kuzituma kwa barua pepe, na bila intaneti hazitafika.

Kuhusu kufutiana: DokuWiki huwafungia wengine ukurasa mtu anapouhariri, na kufuli hudumu dakika 15 tangu alipogusa mara ya mwisho. Kufuli ni la ukurasa mzima, hata kama mtu kafungua sehemu moja tu. Kwa hiyo kikundi cha wanne kikipewa ukurasa mmoja, watatu watakaa wanamtazama mmoja. Ugawe ukurasa huo kuwa kurasa nne, mfano kikundi3:utangulizi, kikundi3:mifano, kikundi3:uchambuzi, kikundi3:muktadha. Mwishoni ziunganishe kwa programu-jalizi ya Include (kiongezi kinachoonyesha kurasa kadhaa ndani ya ukurasa mmoja), ambayo uipakue mapema ukiwa na mtandao. Umeme ukikatika, aliyekuwa akiandika akifungua tena ukurasa ule kwa akaunti yake ataulizwa kama anataka kurejesha rasimu. Rasimu huhifadhiwa kila baada ya muda, kwa hiyo sentensi za mwisho zinaweza kupotea.

mkufunzi_lugha
Naongeza upande wa ufundishaji, maana hapo ndipo kazi nyingi za wiki hufa. Tatizo kubwa si kufutiana. Ni kwamba wanafunzi wanaogopa kugusa maandishi ya wenzao. Kila mmoja anaandika aya yake, anaihifadhi, basi. Unapata vipande vinne vilivyobandikwa pamoja, methali ileile imeelezwa mara tatu.

Dawa ni kulifanya suala la kuhariri kuwa zoezi lenyewe. Wiki ya kwanza na ya pili waandike rasimu. Wiki ya tatu wabadilishane kurasa ndani ya kikundi: kila mwanafunzi ahariri ukurasa ambao hakuuandika, angalau mara tatu, na kila mara ajaze kisanduku cha muhtasari kilicho karibu na kitufe cha kuhifadhi. "Nimerekebisha" haitoshi. Aandike mfano "nimeondoa maana iliyorudiwa" au "nimeongeza nani huimba na wakati gani". Wiki ya nne wafungulie vikundi vingine, waweke viungo: ngano inayofumbata methali iungwe na ukurasa wa methali hiyo. Hapo ndipo wiki inaishinda karatasi.

Alama usigawe kwa kuangalia nani kaongeza maneno mengi. Historia huonyesha ukurasa umekua au umepungua kiasi gani, na aliyeng'oa marudio ataonekana na namba hasi wakati huenda ndiye aliyefanya kazi bora. Linganisha matoleo mawili, soma kilichobadilika na sababu yake. Mimi ningetoa 60 kwa maandishi ya kikundi na 40 kwa mchango wa kila mmoja.

Wakataze kuandika kwenye Word kisha kubandika. Historia itaonyesha hatua moja tu, na hutajua nani alifikiri nini.

mhariri_huru
Wikipedia ya Kiswahili ni nzuri, ila si kwa kazi hii. Pale kila dai linahitaji chanzo kilichochapishwa. Methali alizosimuliwa mwanafunzi na bibi yake, pamoja na uchambuzi wake mwenyewe, zitaondolewa, na wahariri watakuwa sahihi. Isitoshe, anwani moja ya IP kwa kawaida hairuhusiwi kufungua akaunti zaidi ya 6 kwa siku, kwa hiyo darasa lako lingekwama mlangoni.

MwalimuKisw
Asanteni sana. Wanafunzi wanne kwa mashine moja: waingie kwa akaunti ya nani? Na nakala ya akiba naihifadhije?

fundi_seva
Kila anayeshika kibodi aingie kwa akaunti yake. Zamu za dakika 15 zinawatosha wote wanne, na dakika 20 zinabaki za kuingia, kutoka na maelekezo yako. Wasisahau kutoka, la sivyo kazi ya Asha itasomeka ya Juma. Ambao hawajashika kibodi wasome kwa sauti na kupendekeza.

Akiba: nakili folda za data na conf kwenye flashi kila baada ya kipindi. Data ina kurasa na matoleo yote ya zamani, conf ina akaunti na ruhusa. Mtu akihifadhi ukurasa mtupu, DokuWiki huufuta, lakini toleo la jana bado lipo: fungua matoleo ya zamani, chagua, rejesha.

mkufunzi_lugha
Ruhusa nazo zipange wiki baada ya wiki. Wiki tatu za mwanzo vikundi vingine viwe na haki ya kusoma tu, ya nne uwape haki ya kuhariri. Ukifungua zote siku ya kwanza, watatembelea kurasa za marafiki badala ya kuandika.