SAT 1140, anataka uhandisi UT Austin: tuisheni ya kulipia, Khan Academy, au ahamie ACT?

MamaZ_Houston
Habari zenu wadau. Binti yangu yuko darasa la kumi na moja hapa Houston. SAT ya Machi, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huku, imetoka na 1140: hesabu 640, kusoma na kuandika 500. Anataka uhandisi UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas, na wale walisharudisha sharti la mtihani, bila alama hawapokei maombi. Tulihama Dar akiwa darasa la sita. Kiingereza anakiongea kunizidi mimi, ila kukisoma haraka ndiyo shughuli.

Kuna kampuni ya tuisheni hapa mjini wanataka dola 1,900 kwa kiangazi kizima, wanaahidi alama 200 zaidi, zisipopanda anarudia bure. Kuna mwalimu binafsi wa Zoom, dola 60 kwa saa. Kuna Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure. Na mwenzangu kazini anasisitiza tuachane na SAT, mtoto ahamie ACT, ule mtihani mwingine wa kuombea vyuo. Mliopita njia hizi, nisaidieni.

Mwl_Ngara
Habari ya Houston, mama. Mimi nafundisha hesabu Nairobi na huwa nasaidia wanafunzi wanaoomba vyuo vya Marekani. Nianze na ACT kwa sababu hiyo ndiyo naiona haimfai. Tangu ibadilishwe mwaka 2025, sayansi ni hiari, na alama ya jumla ni wastani wa Kiingereza, hesabu na kusoma. Maana yake hesabu ni theluthi tu. Kwenye SAT hesabu ni nusu nzima. Sasa mtoto anayebebwa na hesabu unampeleka kwenye mtihani ambao theluthi mbili ni lugha?

Halafu angalia saa. Kiingereza cha ACT ni maswali 50 kwa dakika 35, yaani kama sekunde 42 kila moja. SAT upande wa lugha ni maswali 54 kwa dakika 64, zaidi kidogo ya sekunde 70. Wewe mwenyewe umesema tatizo ni kasi.

BabaWawili_Dallas
Mwalimu, kwa heshima, mimi sikubali moja kwa moja. Wa kwangu vifungu vya SAT vilimtesa, vifupi lakini vizito, unakuta kipande cha shairi la karne ya 19 kisha swali moja, unaruka kwenda utafiti wa minyoo. ACT makala ni ndefu ila imenyooka, na ukitaka unafanya kwenye karatasi. Yeye alitulia zaidi huko. Sekunde siyo kila kitu.

Mwl_Ngara
Hapo una hoja, baba. Basi asibahatishe. Afanye jaribio moja rasmi la ACT, lipo bure kwenye tovuti yao, akiwa na saa mezani. 1140 ya SAT inalingana na takriban 23 ya ACT. Akipata 25 au zaidi bila maandalizi, ahamie. Akipata 22 au 23, mjadala umekwisha, abaki SAT.

Kijana_Upanga
Shikamoo mama Z. Mimi nimefanya SAT hapa Dar kabla ya kwenda JKT, kwa hiyo naongelea huu mtihani mpya wa kompyuta. Kitu ambacho tuisheni nyingi hawakisemi ni kwamba kila upande una moduli mbili, yaani sehemu mbili, na ya kwanza ndiyo inaamua utapewa ya pili ngumu au nyepesi. Ukipewa nyepesi, hata ukipata zote, alama yako ina dari. Kwa 500 ya lugha, nahisi binti aliangukia nyepesi. Kwa hiyo nguvu ziende kwenye kuacha kukosea maswali rahisi na ya kati ya moduli ya kwanza. Yale magumu ya kutisha yasubiri.

Na maswali ya lugha hayapangwi ovyo. Yanaanza ya msamiati na ufahamu, sarufi inakuja baadaye, mwishoni maneno ya kuunganisha na yale ya kupanga hoja kutoka kwenye vidokezo. Msomaji wa polepole akianza mwanzo anamaliza muda kabla hajafika kwenye sarufi, wakati sarufi ndiyo ya haraka! Mimi nilikuwa naruka moja kwa moja hadi sarufi, namaliza, narudi mwanzo. Programu inaruhusu kuruka ndani ya moduli.

Sarufi yenyewe ni kanuni chache. Sentensi mbili kamili haziungwi na mkato peke yake, zinataka nukta, nukta mkato, au mkato na kiunganishi. Hiyo moja tu inajirudia kila mtihani. Ukisoma Kiingereza cha shule zetu za Tanzania kanuni hizi hukufundishwa hivyo, lakini kuzishika si kazi.

Hesabu: Desmos, kikokotoo cha kuchora grafu, imo ndani ya mtihani. Milinganyo miwili anaiandika, anabofya zinapokatana, jibu hilo hapo. Kutoka 640 anapanda.

DadaMinneapolis
Mama Z shika hizo 1,900 zako kwanza. Ahadi ya "alama 200" uliza wanapima kuanzia wapi. Kampuni tuliyoipa hela sisi walimpa mtoto jaribio lao wenyewe la kuanzia, gumu kuliko SAT, akapata alama za chini mno. Baadaye "kupanda" kukahesabiwa kutoka pale. Na kurudia bure ni kukaa tena darasa lilelile ambalo halikumsaidia.

Mwalimu wa Zoom simkatai, ila asilipwe kumfundisha kitu ambacho Khan Academy inafundisha bure. Khan wanashirikiana na College Board wenyewe, wenye SAT, maswali yanafanana. Mlipe kwa saa chache, mtoto akija na makosa yake mkononi.

Mbishi_wa_Kariakoo
Mnatesa watoto bure. Texas si ukiwa kwenye asilimia 5 ya juu shuleni kwako UT wanakuchukua moja kwa moja? Asome darasani, SAT ya nini?

BabaWawili_Dallas
Mbishi, wanakuchukua chuoni, siyo kwenye fani unayoitaka. Uhandisi unagombewa, na alama unapeleka hata ukiwa kwenye hiyo asilimia 5. Mwaka 2024 chuo chenyewe kilitangaza kwamba, alama zilipokuwa bado hiari, alama ya kati ya waombaji walioamua SAT yao ihesabiwe ilikuwa 1420, ya waliokataa 1160. Kwa uhandisi 1140 ni mzigo.

Mbishi_wa_Kariakoo
Haya, nimekaa.

MamaZ_Houston
Asanteni sana, nimesoma yote na binti pembeni. Kijana wa Upanga, marahaba baba, umemfungua macho: anasema sarufi hakuifikia, alibonyeza tu. Tutafanya jaribio la ACT Jumamosi. Ikiwa 23 basi ni Khan kila siku, na mwalimu wa Zoom mara moja kwa wiki kwa upande wa lugha peke yake. Kampuni nimewaambia hapana. Majaribio ya Bluebook, ile programu ya SAT, afanye mangapi?

Mwl_Ngara
Yako machache, asiyamalize kwa pupa. Moja kila wiki mbili au tatu, na katikati achambue kila kosa: alijua akateleza, hakujua kabisa, au muda uliisha? Hayo ni matatu tofauti na kila moja lina dawa yake. Mazoezi ya ziada achukue kwenye benki ya maswali ya College Board, unachagua mada na ugumu. Na asiache tupu. Kukosea hakupunguzi alama.

Ajisajili Agosti, Oktoba iwe akiba. Vyuo vingi huunganisha alama ya juu ya kila upande kutoka tarehe tofauti, ila soma ukurasa wa kila chuo.

Kijana_Upanga
Nyongeza ndogo mama. Kama anatumia Chromebook, iwe ya shule. Ya binafsi haikubaliwi siku ya mtihani. Na kama hana kompyuta inayofaa, huko Marekani College Board wanaazimisha, lakini ombi liingie angalau siku 30 kabla.