Mafundi wa sola vijijini: tumsomeshe nani, na asome nini?

Swali

Ndugu zangu, zahanati ya kijiji chetu hutegemea umeme wa jua kwa taa na jokofu la chanjo, lakini kila mtambo unapoharibika tunamsubiri fundi wa mjini kwa majuma mawili au matatu. Kamati ina fedha za kusomesha watu wawili tu. Tuchague vijana waliomaliza sekondari, au kuna kigezo kingine?

Jibu la kwanza

Tazameni kwanza nani atabaki kijijini, ndipo mtazame vyeti. Barefoot College ya Tilonia, nchini India, imewafundisha akina mama na mabibi kutoka nchi nyingi, wengi wao wasiojua kusoma, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola kwa miezi sita, kwa kutumia rangi na ishara za mikono pale ambapo hapakuwa na lugha moja. Mwanamke mwenye familia hahami kirahisi. Vijana siwalaumu hata kidogo, maana ajira ndiyo inayowavuta mjini.

Jibu la pili

Naafiki. Kuhusu masomo, mimi ni fundi, na mara nyingi nimekuta paneli ni nzima, mgonjwa ni betri. Mwanafunzi ajue kupima betri ya volti 12 ya risasi na asidi (aina kama ya gari) baada ya kupumzika saa kadhaa: ikisoma karibu 12.7 imejaa, ikisoma karibu 12.2 imebaki nusu, na ikizoezwa kushuka chini ya hapo hufa mapema. Niliwahi kuitwa mahali walikoamini kuwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, imeungua, kumbe vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani. Nilitenganisha nyaya, nikaviosha kwa maji ya magadi huku vizibo vikiwa vimefungwa, nikakaza nati na kupaka grisi, umeme ukarudi. Kazi ya nusu saa ilikuwa imewaweka watu gizani mwezi mzima, na jambo hilo bado linaniuma.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, watalipwa na nani?

Jibu la pili

Watumiaji wenyewe, kwa mchango wa kila mwezi unaotunzwa katika mafungu mawili: ujira wa fundi, na akiba ya betri mpya, kwa kuwa paneli huweza kuzalisha umeme kwa miaka 25 au zaidi ilhali betri za namna hiyo huchoka baada ya miaka michache. Nunueni pia multimita, yaani kipima umeme, kabla mafunzo hayajaanza, ili wajifunzie kifaa watakachorudi nacho.